Mji Ulioridhia kwa Kunyamaza

Alikuwako Sultani Mudriki bin Hazari, mwenye enzi katika mji wa Barjani, na mji ule haukuwa na tone la maji ila lile alilolitoa jini Zimrani chini ya jabali. Na sharti la jini lilikuwa hili: kila mwaka apewe mwali mmoja, kwa ridhaa ya watu wote. Sultani akaapa upesi kwamba wameridhia, kwani yeye hakuwa na binti.

Basi kila mwaka, baada ya sala ya Ijumaa, jini alisimama uwanjani, kichwa chake kimeziba jua, akauliza mara tatu kama wameridhia. Na watu wakanyamaza, na kadhi akatamka kwamba kimya cha mwali ndiyo idhini yake, na cha mji ni vivyo hivyo. Mwaka wa kwanza mtu mmoja alikataa, na sauti yake ikamtoka kooni asiipate tena. Tangu hapo wote wakaufyata.

Mwaka wa nane kura ikamwangukia Nasra, mwana pekee wa Bi Zaituni mshona kofia. Jini alipouliza mara ya kwanza mama yule hakuthubutu, na ya pili akamtazama mwanawe alivyopakwa hina kama wale saba waliotangulia, na ya tatu akasimama.

"Sikuridhia," akasema. "Wala miaka saba ile sikuridhia. Niliogopa."

Sauti ikamtoka pale pale. Uwanja mzima ukainamisha vichwa, kila mtu akiomba asitazamwe.

Ndipo akainuka jirani yake, Bi Kulthumu, ambaye bintiye alichukuliwa mwaka uliopita, naye akasema, "Nami sikuridhia." Na yake ikamtoka. Lakini wafua chuma walikwisha kusimama, na wachukuzi, na wanawake madirishani, wakapaza kwa pamoja kwamba hawakuridhia, hata kuta za kasri zikatikisika, na jini asijue aizime ipi kwanza.

Akamgeukia Sultani aliyeketi barazani, akasema kwa upole wa kutisha, "Maulana, uliniapia kwamba wameridhia."

Akamtwaa, akapasua mwamba, akazama naye. Na pale palipopasuka maji yakabubujika, yasikome.

Nasra akaolewa na mwashi aliyejenga birika la mji, akatunzwa nusu ya hazina ya kasri. Siku ya arusi Bi Kulthumu alikuja kumvika, na Bi Zaituni akamshika mikono, akitaka kumwomba radhi kwa kunyamaza mwaka ule alipochukuliwa binti wa jirani, na sauti hakuwa nayo. Wala mwenziwe hakuwa na ya kumjibu. Wakakaa hivyo wakilia, hata bwana arusi akaingia.

Basi atakaye kuusiwa na ausiwe: aseme wakati mtoto ni wa jirani.