Jina la Nakiete Liliporudi

Hapo zamani, na msinikodolee macho, sisemi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani hii ya juzijuzi ambayo baadhi yenu mlikuwepo na mkala pilau yake, palikuwa na mwanamke pale Mwanga akiitwa Nakiete. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shughuli. Harusi ni Nakiete, ubarikio ni Nakiete, arobaini ni Nakiete. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja na masufuria sita makubwa, yale ya kuingia mbuzi mzima, na kwa masufuria hayo alikula, akasomesha, akajenga hata choo.

Siku moja shemeji yake, Eliamini, akamletea tenda ya harusi kubwa. Akamwapia kwamba watu wale ni waungwana, apike kwanza atalipwa baadaye. Nakiete akakopa kwenye kikoba chao, kile chama cha kuweka na kukopa, na mdhamini akawa huyohuyo Eliamini. Akanunua mchele, mafuta na ng'ombe. Siku moja kabla ya harusi, ng'ombe keshachinjwa, bwana harusi akaonekana Arusha na mke mwingine. Harusi ikafa, nyama ikaoza, deni likabaki zima.

Sasa kikoba kile kilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi, kabla ya sanduku la hela kufunguliwa, katibu alisoma majina ya waliokwama. Ukisomwa, unasimama mbele za watu mpaka jina linalofuata. Aliyesomwa hakopi, hadhamini, na hata mwenye duka akisikia hakupi kibiriti mpaka aone hela. Nakiete akasomwa. Akasomwa tena. Wiki ya tano kikoba kikamtuma Mbonea, mkusanyaji wake wa madeni, akabebe vitu.

Mbonea alifika na mkokoteni. Akapakia sufuria moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita akaigeuza, akaigonga kwa kidole, kisha akaandika kwenye fomu kwamba imetoboka. Haikuwa na tundu hata la sindano. Nakiete alimtazama tu asielewe. Kwa Eliamini, kwa kuwa ndiye mdhamini, Mbonea alifungua ng'ombe wa maziwa akaondoka naye. Eliamini hakumlaumu Nakiete, siku ile wala baada yake.

Basi Nakiete akajikaza, akawa anapika makande kwa sufuria ile moja na kuyauza stendi. Jumamosi ya kwanza alipeleka sarafu. Mweka hazina akazikataa, akamwambia arudi zikitosha kuhesabika. Katibu, Mama Niendiwe, akasema hapana, hata mia mbili inaandikwa. Akaiandika. Akaandika kila wiki, na kila wiki akamsoma. Wiki ambayo Nakiete alimzika mama yake, Mama Niendiwe alimsoma vilevile, na Nakiete akasimama na kanga ya msiba begani huku machozi yakimtoka. Alimchukia siku ile, tena sana.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa deni likaisha. Mweka hazina akadai bado. Daftari la Mama Niendiwe likafunguliwa, mstari kwa mstari, na mweka hazina akanywea. Jina likafutwa, masufuria matano yakarudi; ng'ombe wa Eliamini kikoba kilishamuuza kufidia sehemu ya deni. Lakini sheria ilisema hivi: jina lililorudi linadhamini mtu mmoja tu kwa mwaka wa kwanza, na mtu huyo akikwama, mwenye jina anaanza upya kusomwa na masufuria yanabebwa tena.

Wiki ileile wakaja watatu.

Akaja Mbonea. Uongo wa fomu ulishagundulika, kazi amefukuzwa, kodi ya nyumba hajalipa miezi mitatu. Nani angemdhamini, wakati nusu ya mji alishawabebea magodoro? Akasema, "Dada, nilidanganya mara moja tu katika kazi ile, na ilikuwa kwako. Bila sufuria ile ungelipa na nini?"

Akaja Mama Niendiwe. Upepo ulikuwa umeezua paa lake na mvua zimekaribia. Nani angemdhamini, wakati kila mtu alishasomwa naye? Akasema, "Nilikusoma bila kukuonea haya, ni kweli. Na niliandika bila kukuibia. Angekuwa katibu wa kukuhurumia, leo ungekuwa unadaiwa upya."

Akaja Eliamini. Kuna mtu alikuwa anahama, anauza ng'ombe mtamba kwa bei ya kutupa, mwisho Jumapili. Nani angemdhamini, wakati zizi ni tupu? Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, hao walikupa vya kwao kidogo. Mimi nilinyang'anywa kwa jina lako." Nakiete akataka kumkubalia palepale. Kisha akakumbuka aliyosikia msibani kwa mama yake, kwamba ile tenda ya harusi Eliamini alikula cha juu, hela ya udalali kutoka kwa wenye harusi, kabla hata mchele haujanunuliwa. Akamuuliza. Eliamini akainama akasema ni kweli, na kwamba hela ile ilimlipia mwanawe hospitali.

Jamani, Nakiete alichanganyikiwa. Asubuhi aliamka na Mbonea kichwani, mchana akawa na Mama Niendiwe, jioni Eliamini, na akilala wote watatu wamo. Alimwendea mwenyekiti wa kikoba kuuliza kama jina linagawanyika. Akaambiwa haligawanyiki. Alimuuliza binti yake, binti akamtajia mmoja, kisha akabadili, kisha akaomba asiulizwe tena. Alitia chumvi kwenye makande mara mbili.

Jumamosi ikafika. Mbonea ameketi karibu na mlango, Mama Niendiwe ameshika daftari, Eliamini yuko nyuma kabisa. Mwenyekiti akasema, "Nakiete, unamdhamini nani?" Nakiete akasimama.

Mimi hadithi hii nimeisimulia mitaa mitatu, na mitaa yote mitatu watu wameondoka hawasalimiani. Wewe unayenong'ona Eliamini, umeshasahau cha juu? Na wewe wa Mbonea, mtu aliyedanganya kwenye fomu utamwamini na masufuria yako? Na nyie wa Mama Niendiwe, mngeweza kumwezekea paa mwanamke aliyewasimamisha na kanga ya msiba? Jina ni moja, na akikosea anarudi kusimama. Je, nani alistahili?