Kwa Nini Hondohondo Humngoja Nguchiro

Sogeeni karibu, na anayetafuna muhogo atafune kimyakimya, maana hadithi hii ina mbio nami sitairudia. Nyie mmewaona hondohondo wa nyikani, ndege wale wenye mdomo mkubwa kama koleo. Mmewaona asubuhi wametua juu ya kichuguu, njaa inawauma, panzi wamejaa majanini, nao hawagusi kitu. Wanamngoja nguchiro aamke! Ndege mzima na mbawa zake anamngoja mnyama mdogo aliyelala shimoni. Haya, leo nawaambia sababu.

Zamani hizo nguchiro hakuwa mnyama wa porini. Alikuwa wa nyumbani, kama paka alivyo leo, na kwa kazi alimpita paka. Kule milimani kwa Wataita kila nyumba ilikuwa na nguchiro wake. Usiku walilala wamelundikana vikapuni, mchana walifukuza panya ghalani, na nyoka akionekana uani, lo, nguchiro wote wa jirani walikuja kusaidia! Hondohondo naye alikuwa ndege wa peke yake. Hakuwa na rafiki, na ungemuuliza angekwambia hahitaji.

Basi palikuwa na msichana aitwaye Mghoi, aliyemlea nguchiro wake tangu hajafumbua macho. Alimwita Njugu, kwa sababu ya rangi yake, rangi ya njugu zilizokaangwa zikaiva barabara. Njugu alilala shingoni mwa Mghoi, alikula kiganjani mwake, na alimwibia shanga akazificha uvunguni. Mghoi alipoozwa huko chini nyikani, mbali na milima, mama yake alimuuliza atachukua nini cha kukumbukia nyumbani. Hakutaka mbuzi, hakutaka mkufu. Akamtia Njugu kifuani, safari ikaanza, vigelegele mbele, vigelegele nyuma!

Mamamkwe wake, Bi Wawuda, alimpokea vizuri. Alikuwa mama wa maneno mengi na moyo mweupe. Lakini alipoona kichwa kidogo kinachungulia kifuani mwa bi arusi, alirudi nyuma akashika kiuno.

"Haya, na huyu naye tumemuoa?"

"Ni Njugu, mama. Hana neno."

"Hana neno leo. Kesho atatoroka, nawe utalia, watu waseme Wawuda anamtesa mkwewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Mfunge mpaka azoee."

Bi arusi wa jana habishani na mamamkwe. Akasokota kamba ya katani, akamfunga Njugu kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mwimo wa mlango. Yeye mwenyewe pia alikuwa hatoki. Desturi ya boma lile ilikuwa kwamba bi arusi havuki kizingiti mpaka kunde zivunwe, na wazee wa ukoo wasimwone uso. Kwa hiyo Mghoi akakaa ndani, Njugu akakaa mlangoni, na kipande cha majani mbele ya nyumba ndicho kilichokuwa dunia yake yote.

Njugu akaacha kula. Akiletewa yai, analigeuzia mgongo. Akiletewa panya, hamnusi. Mghoi akimpapasa alizihisi mbavu, na moyo wake ulikatika, kwa sababu alimjua mnyama wake. Hakuwa mgonjwa. Nguchiro hakuumbwa kukaa peke yake, na upweke ulikuwa unamuua.

"Nitamtafutia rafiki," akasema. Mumewe, Mwakio, kijana mpole, akamletea kuku. Njugu akamtazama kuku, kuku akamtazama Njugu, kisha kuku akatoka kwa kishindo, na hata jina lake halikusikika tena mbele ya mlango ule! Bi Wawuda akaleta mwanambuzi. Mwanambuzi akala kikapu alicholalia Njugu, chote, na mfuniko. Paka wa jirani ndiye usiseme. Walirushiana makucha mpaka chungu cha mboga kikapinduka, na siku ile boma zima lilikula ugali mkavu. Nyie mnacheka, na watu wa boma walicheka pia. Mghoi hakucheka. Njugu alikuwa hawezi tena hata kusimama vizuri.

Asubuhi moja Njugu alijikokota majanini, akanusanusa kwa mazoea tu. Panzi wakashtuka, wakaruka. Mara, puu! Hondohondo akatua, akawadaka hewani, mmoja, wa pili, wa tatu, ka, ka, ka! Jamani, Njugu alikasirika! Akainuka kwa hasira, akamkaripia ndege, akamrukia panzi aliyefuata, akamtafuna yeye mwenyewe. Kwa wivu tu, ndege asimpate!

"Mama! Mama! Kala!" Mghoi akapiga kelele nyuma ya mlango. "Njugu kala!"

Bi Wawuda akaja mbio, unga mpaka viwikoni. "Kala nini?"

"Panzi!"

"Na mayai yangu yote yale!" akasema mama, lakini alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Tangu hapo hondohondo alikuja kila kulipopambazuka. Alijua kuwa akienda peke yake, panzi hujificha majanini, ila Njugu akipita, wote huruka juu. Akimkuta Njugu bado amelala, aliingiza mdomo wake mlangoni akaita, "Wok! Wok! Wok!" mpaka mvivu atoke. Mmoja alifukua, mwingine alidaka, na aliyekosa alimpigia kelele aliyepata. Njugu akanenepa tena, na Mghoi, akiwatazama kwa upenyo wa mlango, alijikuta anaimba.

Sasa shikeni roho. Siku moja wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani na vibuyu vyao vya pombe, baba mkwe akiwa katikati yao. Njugu alikuwa ameinamisha pua chini kama kawaida yake. Hondohondo, ambaye jicho lake halilali, akatazama juu, akaona kipanga amekunja mbawa anashuka. Akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga tangu azaliwe! Njugu akakimbia. Kamba ikamvuta kiunoni, akaanguka chali.

Mghoi aliona. Mbele yake kulikuwa na kizingiti, na ng'ambo ya kizingiti walikuwa wazee wote wa ukoo. Je, alifikiri? Hakufikiri kitu! Alitoka kichwa wazi, kisu cha mboga mkononi, akaruka vibuyu vya watu. Hondohondo, ndege yule asiyehitaji rafiki, akajitupa usoni pa kipanga mbawa kwa mbawa, manyoya yakatapakaa. Kipanga akayumba. Mghoi akaikata kamba, kacha! Njugu akachomoka, akaingia katika kichuguu kilichokuwa kando ya boma, na kipanga akaondoka na majani matupu makuchani.

Wazee wote wakageuka. Bi arusi amesimama mbele ya wakwe, uso wazi, kisu mkononi, anahema. Mzee mmoja akafungua kinywa ili aseme. Bi Wawuda akamuwahi. Akavua nguo yake ya begani, akamfunika Mghoi kichwa, akawageukia wazee. "Mnatazama nini? Hamjawahi kuona mtu akimwokoa wa kwake?" Baba mkwe akaanza kucheka, na wote wakacheka naye, hata yule mzee.

Jioni Njugu hakurudi. Mghoi aliruhusiwa kwenda, akatia mkono ndani ya kichuguu, akahisi manyoya ya joto. Njugu akamlamba vidole, lakini hakutoka. Asubuhi Mghoi akarudi pamoja na mamamkwe, na wakamkuta hondohondo ametua juu ya kichuguu. Panzi walikuwa tele, naye hakumgusa hata mmoja. Akaita, "Wok! Wok!" Njugu akatoka, akajinyoosha, akamwona Mghoi. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akamtazama.

"Yuko karibu," Bi Wawuda akanong'ona. "Mwite, atakuja. Kamba ninayo."

Kweli, angekuja. Mghoi alijua hivyo, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Akaurudisha.

"Nilimtafutia rafiki, mama," akasema. "Leo amempata, mimi nimpokonye?"

Njugu alimtazama kwa muda mrefu, mpaka ndege alipoita tena. Kisha wakaenda zao majanini, mmoja chini, mwingine juu, na panzi wakaanza kuruka. Habari zilipofika milimani, nguchiro wa kila nyumba walitoka vikapuni wakamfuata, na vichuguu vya nyikani vikajaa.

Na tangu siku hiyo hondohondo haanzi kula kabla nguchiro hajaamka, na nguchiro hatazami angani, kwa kuwa anaye wa kumtazamia. Lakini mkipita karibu na kichuguu, angalieni vizuri. Nguchiro haingii shimoni mara moja. Kwanza husimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akakukazia macho usoni. Watu husema ni woga. Woga gani huo? Mwenye woga hukimbia kwanza! Yule anatazama kama aliyekuja ni Mghoi.