Utepe wa Mwalimu Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na shule kama ninyi, zenye viranja, kengele na vikao visivyokwisha, palikuwa na mwalimu mmoja mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa kuchoshwa na upuuzi. Aliitwa Mwalimu Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Yule mnyama mwembamba, mrefu, anayesimama kwa miguu ya nyuma akichungulia kila kitu. Basi ndiye huyo.

Mwalimu Mkuu alikuwa Nyati. Lo! Nyati na pembe zake, akikohoa tu, darasa zima linanyamaza. Na alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko majani mabichi. Neno lenyewe ni "utaratibu".

Utaratibu wa kwanza wa shule ile ulikuwa ndoo. Kila asubuhi, kila mtoto na ndoo yake kichwani. Shuka bondeni mpaka mtoni, panda na maji, mwaga kwenye pipa, shuka tena. Kengele ikilia, ng'ang'ang'a! watoto wanaingia darasani wamelowa shingo na macho yanajifumba yenyewe. Mwalimu Nguchiro anauliza swali, anajibiwa na mikoromo.

"Wewe Ngedere!" alifoka siku moja. "Amka! Nimeuliza, maji yakimwagika huelekea wapi?"

"Kichwani, mwalimu," akajibu Ngedere, macho bado yamefumbwa.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Nguchiro akashika kichwa. Ndipo Pimbi, binti mdogo mwenye miguu mifupi aliyekaa mbele, akainua mkono.

"Huteremka, mwalimu. Lakini mwalimu, kama maji huteremka yenyewe, na chemchemi iko kule juu kilimani nyuma ya shule, mbona sisi tunayapandisha kutoka bondeni?"

Hata waliokuwa wanakoroma waliacha. Mwalimu Nguchiro alisimama kwa miguu ya nyuma, mkia ukimsisimka. Alikuwa amefundisha somo lile miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kujiuliza swali hilo hata siku moja. Akaona aibu kidogo, na furaha nyingi.

"Hebu rudia, Pimbi," akasema. "Rudia taratibu, kila mtu asikie."

Basi wakaanza. Watoto wa Panya wakatoboa pingili za mianzi kwa meno, kwaru-kwaru-kwaru. Watoto wa Ngedere wakapanda juu na kufunga kamba za mgomba. Pimbi alipanga mteremko, akisema hapa inua, pale shusha. Mianzi ikaunganishwa kutoka chemchemi, ikapita juu ya paa la ofisi, ikafika kwenye pipa. Walipomaliza, wote wakatega masikio.

Kimya... kimya... chururururu!

"Yanakuja! Yanakuja!" Watoto wakaruka, wakamwagiana maji, wakapiga vigelegele. Mwalimu Nguchiro naye akaruka nao, miwani ikaanguka ndani ya pipa.

"Nini hiki?"

Ilikuwa sauti ya Nyati. Vigelegele vikakatika.

"Ni mfereji wa maji, Mkuu," akasema Mwalimu Nguchiro. "Watoto wameubuni wenyewe, wakiongozwa na Pimbi. Sasa hawatakuwa na haja ya kwenda mtoni, watakuwa darasani mapema, watasoma..."

"Nani ameruhusu?"

"Mkuu, maji yanajileta yenyewe!"

"Nimeuliza, nani ameruhusu? Mimi nilibeba ndoo! Baba yangu alibeba ndoo! Leo kitoto cha Pimbi kije kutuambia tulikuwa wajinga?"

Mwalimu Nguchiro akaingiza mkono ndani ya pipa, akatoa miwani yake.

"Mradi huu utang'olewa," akaendelea Nyati, "na huyo Pimbi, sherehe ya kesho ikipita tu, arudi kwao moja kwa moja. Mtoto wa namna hii ataharibu wenzake. Na kelele za nini? Kesho tuna Siku ya Ubunifu, na vyungu havijakauka!"

Siku ya Ubunifu! Mwalimu Nguchiro alipolisikia neno hilo, jino likamuuma. Maana kila mwaka, katika Siku ya Ubunifu, kila mtoto alifinyanga chungu. Chungu kile kile, cha umbo lile lile, na Mwalimu Ngiri alikuwa akivipima kwa kamba, kisiwepo kilichozidi. Mwaka uliopita mtoto mmoja alifinyanga chungu chenye mikono miwili, akaambiwa akakivunje akafinyange upya. Kisha wote walisimama mstarini wakaimba, "Ubunifu oyee!" Ukimuuliza Nyati, atakwambia ubunifu nao una utaratibu wake. Haya, niambieni ninyi, mtu mwenye akili timamu atajibu nini hapo?

Pimbi alikuwa amejibanza nyuma ya pipa, analia.

"Mama ataniambia nini, mwalimu? Alinitoa mbali kunileta hapa. Mimi niliuliza swali tu."

"Najua, mwanangu."

"Basi nisingeuliza."

Hapo ndipo Mwalimu Nguchiro alipokasirika kwelikweli. Kuliko mfereji, kuliko ndoo, kuliko vyungu vyote vya dunia, neno lile lilimchoma. Mtoto mwenye akili kama ile, aseme nisingeuliza! Akasimama, akajipangusa vumbi, akaenda ofisini.

Sasa, watoto, kabla hatujaingia naye ofisini, lazima niwaeleze jambo moja la nchi ile. Kitu kikishazinduliwa na Mgeni Rasmi, basi, hakiguswi. Na Mgeni Rasmi wa kila sherehe alikuwa Mheshimiwa Kifaru. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini utepe mwekundu aliuona kutoka mbali, na akiuona lazima aukate kwa pembe yake. Kule kijiji cha pili aliwahi kuzindua daraja ambalo chini yake hapapiti mto wala kijito. Mpaka leo wanyama wanapanda daraja lile na mizigo yao, juani, wanashuka upande wa pili, kwa heshima ya uzinduzi.

"Hodi, Mkuu."

"Karibu. Umeng'oa?"

"Mkuu, tukianza kung'oa sasa, uwanja utajaa vipande vya mianzi na matope. Mgeni Rasmi anakuja asubuhi. Ataonaje?"

Nyati akakuna pembe ukutani. "Kweli. Basi ufichwe."

"Tuufunike kwa vitambaa?"

"Funika!"

"Sawa, Mkuu. Wasiwasi wangu ni hawa watoto. Unawajua akina Ngedere, watakwenda kuchungulia tu. Pangekuwa na kitu cha kuwazuia wasisogee..."

"Weka utepe!"

"Utepe, Mkuu?"

"Utepe, ndiyo! Hujui utepe?"

"Najua, Mkuu. Nilifikiri labda tuweke miiba."

"Miiba mbele ya Mgeni Rasmi! Una akili kweli wewe? Weka utepe, na uwe mwekundu, uonekane vizuri!"

"Sawa, Mkuu," akasema Mwalimu Nguchiro kwa unyenyekevu. "Mimi nafuata utaratibu tu."

Kesho yake sherehe ikaanza. Nyimbo, ngoma, hotuba. Vyungu vimepangwa juu ya meza ndefu, vyote sawasawa. Mheshimiwa Kifaru akaletwa mbele ya meza, akainama karibu kabisa, akanusa.

"Hivi nilishaviona," akasema.

"Ni vipya, Mheshimiwa," akasema Nyati.

"Mwaka jana pia mliniambia ni vipya."

Akapiga mwayo, haaaa! Akageuza kichwa kutafuta kiti chake. Ghafla masikio yakamsimama. Kule, karibu na pipa, kilining'inia kitu chekundu, kinapepea.

"Ahaa!" akanguruma. "Kumbe kuna uzinduzi! Mbona hamsemi?"

"Hapana, Mheshimiwa! Pale hapana kitu!" Nyati akamkimbilia.

"Hapana kitu, na utepe upo? Nani aliagiza utepe uwekwe?"

Mwalimu Nguchiro alikuwa ameshafika, mkia umesimama wima. "Mwalimu Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa. Alisisitiza uwe mwekundu."

"Kweli?"

Kifaru hakungoja jibu, alikuwa ameshashusha pembe, du-du-du-du, ardhi inatetemeka. Kwacha! Utepe ukakatika. Vitambaa vikaporomoka. Mwalimu Nguchiro akafanya ishara, Ngedere kule juu akachomoa kizibo kilichoyazuia maji. Chururururu! Maji yakamiminika ndani ya pipa mbele ya macho ya wazazi wote.

Uwanja ukalipuka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Maji yanakuja yenyewe!" akashangaa Kifaru, maji yakimtiririka puani. "Nani amebuni?"

"Binti Pimbi wa darasa langu," akasema Mwalimu Nguchiro haraka, "chini ya uongozi wa Mwalimu Mkuu wetu, ambaye daima huwapa watoto moyo."

Uongo ule ulimkera yeye mwenyewe. Lakini afanyeje?

Nyati akawatazama wazazi. Akamtazama Kifaru. Kifua kikaanza kumpanda. "Naam," akasema. "Wazo hili nimekuwa nalo muda mrefu sana."

"Mtunzeni mtoto huyu," akaamuru Kifaru. "Nikija mwakani nataka kumkuta hapa hapa. Mfereji huu nimeuzindua!"

Basi Pimbi akabaki shuleni. Ndoo zikapumzika, watoto wakawa macho darasani, na Mwalimu Nguchiro akadhani kazi imekwisha. Jamani, kwa Nyati kazi haikuwa inakwisha.

Siku si nyingi jua kali likapasua mwanzi mmoja, ule uliopita juu ya paa la ofisi. Tobo likaanza kuvuja. Tii! Tii! Pimbi akaja mbio na utomvu wa mti mkononi.

"Mwalimu Mkuu, naomba kupanda nikazibe. Halafu nataka kuubadilisha ule mwinuko kidogo, maji yaje kwa..."

"Usiguse!" akafoka Nyati. "Mfereji umezinduliwa! Utabaki kama ulivyozinduliwa!"

"Lakini unavuja, Mkuu."

"Hata tobo limezinduliwa!"

Mwalimu Nguchiro aliposikia habari hiyo alikaa chini akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akataka kulia. Jana kitu kipya kilikuwa kosa, leo kukigusa ndilo kosa! Mwenye akili hizo utamshika wapi?

"Tufanyeje, mwalimu?" akauliza Pimbi.

"Hakuna," akasema Mwalimu Nguchiro. "Fungua kitabu. Tunafuata utaratibu."

Na tobo nalo likafuata utaratibu wake. Likapanuka. Tii! ikawa tiriri, tiriri ikawa chururu. Maji yakapenya paa, yakaangukia meza ya Nyati, yakaangukia kiti cha Nyati, yakaangukia Nyati. Akahamisha kiti kushoto, maji yakafuata boriti, yakamkuta kushoto. Akafungua mwavuli ndani ya ofisi. Wazazi wakija kumwona, wanamkuta amekaa chini ya mwavuli, kwato ndani ya matope, anapiga chafya. Chiaa! Chiaa!

Hatimaye akaja mlangoni mwa darasa, manyoya yamemganda.

"Mwalimu Nguchiro. Lile tobo lizibwe."

"Haiwezekani, Mkuu. Limezinduliwa."

"Nakuamuru!"

"Kwa utaratibu upi, Mkuu? Labda tumwite Mgeni Rasmi aje azindue kuziba. Nasikia yuko huru baada ya mvua za masika."

"Masika!" Nyati akapiga chafya iliyofuta chaki yote ubaoni. Chiaaa! Watoto wakaziba midomo wasicheke. Yeye akawatazama, akatazama chini. Tone likamtoka puani. "Mwalimu, nimechoka," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Nisaidieni."

Moyo wa Mwalimu Nguchiro ukalegea kidogo. Kidogo tu.

"Tutakusaidia, Mkuu. Ila watangazie watoto kwamba kuuliza si kosa, na kwamba kitu kilichobuniwa kinaruhusiwa kubuniwa tena."

"Kuuliza si kosa," akasema Nyati. "Kubuni tena ruksa."

"Hata vyungu?" akauliza Ngedere.

Nyati akafumba macho kama anayemeza dawa chungu. "Hata vyungu."

"Vyenye mikono miwili?"

"Hata mitatu, mtoto wewe! Lakini mumwambie Pimbi apande sasa hivi!"

Pimbi alikuwa ameshatoka nje zamani, ngazi begani, utomvu mkononi. Ngazi ikayumba, ikakosa wa kuishika, na aliyekuwa karibu ni mmoja tu. Basi Mwalimu Mkuu Nyati akasimama ndani ya matope, akaikamata ngazi kwa pembe zake kubwa, akatulia tuli, huku kibinti cha miguu mifupi kikimwambia kutoka juu, "Sogea kushoto, Mkuu. Hapo hapo. Usitikisike."

Na mkubwa anayewakataza watoto kubuni, watoto wangu, hujinyima akili ambazo siku moja atazihitaji yeye mwenyewe.