Hodi ya Tatu

Washarika wapendwa, katika mji mmoja wa pwani aliishi mzee ambaye nyumba yake ilikuwa na mlango mzuri wa mninga, na mlango ule haukuwa na komeo. Halikuvunjika. Aliling'oa mwenyewe siku aliyohamia, akaziba matundu ya misumari kwa nta. Ukifika pale ukaanza kusema "Ho...", kabla hujafika kwenye "di" sauti ilishatoka ndani: "Ingia! Kwangu hakuna hodi!"

Watu wakamwita Mzee Ingia, wakamsifu kwa ukarimu. Mgeni aliyekosa pa kulala alielekezwa kwake. Mama mmoja jirani alimpelekea uji kila asubuhi, akiusukuma mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na bakuli. Hata wezi, nasikia, walimwonea haya.

Sebuleni alikuwa na cheti ndani ya fremu, amekitundika kikiutazama ukuta. Ujanani alikuwa mchochea makaa kwenye meli ya mizigo, wakati wa ile vita kuu ya pili. Meli ikapigwa kombora karibu na ufuko wa nchi moja ya kaskazini, nchi ya baridi, ikazama. Wakubwa waliohusika wakalitafakari jambo hilo miaka minne, kisha wakamtumia cheti cha pongezi. Jina lake walilikosea herufi mbili.

Mzee huyu alikuwa na mjukuu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyepata kazi bandarini katika nchi hiyohiyo ya baridi. Kule akajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Siku moja akapiga simu, furaha tele.

"Babu! Nimeipata meli yako! Iko palepale, wala si chini sana, haifiki kimo cha mnazi. Watu wanaizamia kuitazama. Nikuletee nini?"

Mzee akavuta kiti, akaketi.

"Usilete kitu. Kuna mlango wa chuma, wa chumba cha matanuri. Niangalizie kama uko wazi au umefungwa."

"Kwa nini, babu?"

"Niliufunga mimi. Maji yalikuwa yanaingia, mkubwa akasema funga, nikafunga. Ndani walikuwa wawili."

"Uliamriwa, babu! Si ndiyo maana wakakupa cheti? Mliobaki mkapona."

"Cheti hakikuwasikia. Mmoja alikuwa mtu wa kwetu, mtu wa masihara. Alizoea kupiga hodi kwenye mlango ule kila akianza zamu, eti hata jehanamu huingii bila adabu. Siku ile alipiga kutoka ndani. 'Hodi!' Mimi nimeshika komeo. 'Hodi!' Ya tatu ikaja ndogo. Halafu kimya." Mzee akavuta pumzi. "Unajua adabu yetu, baba. Hodi tatu, usipojibiwa unaondoka. Sasa yeye angeondoka aende wapi? Niangalizie. Labda waliufungua baada ya mimi kukimbia. Nataka kujua kabla sijafa."

Ndugu zangu, mmelielewa ombi hilo? Miaka hamsini na zaidi mtu anaishi na mlango usiofungwa, anawakaribisha walevi na wapita njia, na sisi tunasema, tazameni ukarimu! Kumbe asichokitaka ni kusikia neno moja tu.

Basi mjukuu akaenda kuomba kibali, kwa kuwa meli iliyozama na watu vitani haizamiwi hivihivi. Karani akampa fomu. Kipengele cha tano kiliuliza: Una uhusiano gani na meli? Palikuwa na visanduku vitatu: mmiliki, mtafiti, mtalii.

"Mimi ni mjukuu," akasema.

"Wa mmiliki?"

"Wa mchochea makaa."

Karani akaigeuza fomu nyuma, akaitazama, akairudisha mbele. "Hicho hakipo. Weka mtalii."

Akaweka mtalii. Msicheke sana, ofisi yetu ya usharika nayo ina fomu zake, na katibu amekaa hapa mbele. Baada ya wiki saba kibali kikatoka, na kifungu cha tisa kimekolezwa wino: kutazama ruhusa, kugusa marufuku.

Akashuka pamoja na mwenyeji mmoja, mwanamke aliyezoea maji yale. Baridi yake ilipenya suti nene ya mpira, ikaingia kwenye meno. Mwanga ulikuwa wa kijani, kama chupa. Meli imelala ubavu, imevaa majani ya bahari, samaki wanatoka madirishani kama wapangaji. Akafuata ujia kama alivyoelekezwa, akaufikia mlango. Akayatazama makomeo yake sita. Yote sita yamegeuzwa, yote upande wa nje, kutu imeyashikamanisha na chuma kikawa kitu kimoja.

Hakuna aliyeufungua. Si kutoka ndani, si kutoka nje.

Mwenyeji akamwonyesha saa: hewa inapungua. Kijana akakunja ngumi ndani ya glavu, akagonga. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Kisha akapanda juu.

Walipotoa vichwa majini, mwenyeji akamkemea: "Umegusa! Hukusoma kifungu cha tisa?"

"Nilisoma. Nilikuwa napiga hodi."

Jioni ile akapiga simu nyumbani. Njia nzima alikuwa amejipanga kusema kweli. Lakini mzee alipokea kabla simu haijalia mara ya pili, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Haya. Mlango?"

Wewe ungesema nini? Babu yako, miaka themanini, maili elfu kadhaa, na huwezi hata kumshika mkono?

"Uko wazi, babu. Wazi kabisa."

Mzee akalia. Akashukuru. Akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu ujana wake. Kulipokucha, akamwita fundi seremala, akamwambia: "Nitilie komeo."

Akawa analifunga usiku na kulifungua alfajiri, kabla uji haujafika. Mtaa mzima ulifurahi. Walisema mzee amepona, sasa analala kama watu wengine.

Wiki ya tatu, asubuhi, yule mama wa uji akausukuma mlango kwa kiwiko, nao ukagoma. Akaduwaa. Akajikuta anasema neno ambalo hajawahi kulimaliza pale kizingitini.

"Hodi?" Kimya.

"Hodi, mzee!" Kimya.

"Hodi!"

Alikuwa mama mwenye adabu. Akajiambia, leo kalala, wacha apumzike. Akaweka bakuli kizingitini, akaenda zake. Kesho yake akalikuta palepale, limejaa sisimizi. Wakavunja mlango. Mzee alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika, amejikokota mpaka hatua tatu kutoka kwenye komeo. Daktari alisema pengine aliishi mpaka jioni.

Mjukuu alikuja kwa mazishi. Aliposhika ule mlango uliovunjwa, akauliza, "Nani aliweka komeo hapa?"

"Mwenyewe," wakamwambia. "Ni ile simu yako iliyompa amani."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na suti yake nyeusi. Akasema, "Ulikuwa umefungwa." Waombolezaji walidhani anazungumzia mlango ule ule waliokuwa wanauona.

Washarika, sisemi yule mzee alistahili kuteseka mpaka kaburini. Wala sina jiwe la kumtupia yule kijana. Alidanganya kwa upendo, na mimi nimewahi kudanganya kwa kidogo kuliko hicho. Lakini sisi tumekuwa mafundi wa faraja ya aina hii. Mwenzetu anatujia na mlango wake uliofungwa, anataka tu mtu wa kuutazama pamoja naye, nasi tunamwambia upesi, uko wazi, haikuwa kosa lako, una cheti. Tunasema hivyo ili yeye anyamaze na sisi tukale. Kijana angeweza kusema, "Umefungwa, babu. Nilifika. Niliwapigia hodi kwa niaba yako." Wangelia wote wawili. Na lile jeraha, ambalo lilikuwa limewapa malazi watu wa mji mzima, lingebaki bila komeo.

Hatukumwuliza hata siku moja kwa nini cheti chake kinatazama ukuta. Tulikunywa chai chini yake.

Yuko mtu mtaani kwako ambaye ameshakupigia hodi mbili, nawe ukafikiri anatania. Leo ukitoka hapa, kabla ya chakula, nenda. Akipiga ya tatu, itikia. Sisi ni watu wa adabu sana. Ya nne hatupigi.