Hadithi Chafu za Mama Kalunde

Palikuwa na mtemi mmoja huko Usondo, jina lake Lugusha, aliyebatizwa ukubwani akapewa Biblia nene ya jalada jeusi. Akaipenda kupita kiasi. Aliipenda zaidi ikiwa imefungwa. Aliichongea sanduku la mninga, akalitia kufuli, na ufunguo akauning'iniza kiunoni. Kila Jumapili sanduku lilifunguliwa, Mwalimu Nehemia akasoma palipowekwa utepe mwekundu, pale panapohimiza watu wawatii wenye mamlaka, kisha sanduku likafungwa. Wakati wa kodi, utepe. Wakati wa vita, utepe. Mke akinuna, utepe. Miaka nenda, miaka rudi, utepe haukusogea hata ukurasa mmoja.

Siku moja Mtemi akaamka na amri. Kuanzia leo, katika Usondo nzima, hadithi ni zile zilizomo Kitabuni tu, maana hizo ndizo safi. Atakayesimulia nyingine, nyumba yake itabomolewa, naye atavushwa mto asirudi tena.

Kila mtu alijua amri imemlenga nani. Mama Kalunde alikuwa mjane, muuza pombe ya mtama, na watu hawakumfuata kwa pombe, maana pombe yake, tusidanganyane, ilikuwa maji. Walifuata mdomo wake. Hata Mwalimu Nehemia alikuwa akinyemelea huko Jumamosi, akajibanza nyuma ya ua asionekane, na kwa kuwa mfuko wake ulikuwa mtupu, alilipa kwa hadithi. Mama Kalunde alizipokea, akazitia chumvi, akawasimulia wateja. Vicheko vikafika hadi ikulu, na Mtemi, aliyekuwa na lake moyoni, akaona anachekwa yeye.

Mama Kalunde akaitwa. Alikwenda huku magoti yanamcheza. Nyumba ile mumewe aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na kaburi lake lilikuwa pale pale uani. Ng'ambo ya mto hakuwa na ndugu wala jamaa. Aliogopa, tena sana. Lakini mdomo wake, jamani, ulikuwa haujapata habari za magoti.

Barazani alimkuta Mtemi kitini, wazee huku na huku, Nehemia kasimama kando ya sanduku. Nyuma ya Mtemi aliketi mke mpya, Nshoma, aliyekuwa mke wa jemadari. Jemadari mwenyewe alikuwa amefia vitani msimu uliopita.

"Mama," akaanza Mtemi, "nasikia unasimulia uchafu."

"Nasimulia watu, Mtemi wangu. Uchafu wanakuja nao wenyewe."

"Kwako hata wanyama husema!"

"Punda mmoja tu, Mtemi. Tena alisema kwa sababu bwana aliyempanda alikuwa haoni kilichosimama mbele yake."

"Na walevi?"

"Mzee mmoja. Alinusurika mafuriko yaliyomaliza dunia, akalima zabibu, akalewa, akalala uchi. Tumwonee huruma, maji alikuwa ameyachoka."

Wazee wakainamisha vichwa, mabega yakatikisika.

"Na zinaa?"

"Mabinti wawili walimlewesha baba yao, halafu usiku... Niendelee, Mtemi, au tuwatoe watoto kwanza?"

"Nyamaza!" Mtemi akamgeukia Nehemia. "Mwalimu, wewe msomi. Umewahi kusikia upuuzi kama huu?"

"Nimewahi kuusikia," akajibu Nehemia, jasho linamtiririka. "Mahali fulani."

"Unaona, mama? Umeshaeneza! Na watemi je? Nimeambiwa umewasema na watemi."

Hapo Mama Kalunde akaiwaza nyumba yake. Angeweza kuishia kwa punda, akaomba radhi, akarudi kwenye kaburi la mumewe. Kisha akamwona Nshoma ameinama, anachezea shanga za msiba asizoruhusiwa kuzivaa shingoni. Hasira ikampanda, hofu ikakosa pa kukaa.

"Mmoja, Mtemi. Jioni alipanda darini kupunga upepo, akamwona mwanamke anaoga. Mke wa askari wake. Akamtaka, akamchukua. Mume yuko vitani, anampigania yeye huyo huyo. Mtemi akaagiza: mpelekeni mbele, palipo pabaya, kisha rudini nyuma mmwache. Askari akafa. Mtemi akamwoa mjane. Basi, watu wakaendelea kuambiwa watii."

Nshoma akainua uso kwa mara ya kwanza tangu aletwe ikulu. Mtemi akasimama kwa kishindo, ufunguo ukalia kiunoni.

"Nani amekupa habari zangu?"

"Zako, Mtemi? Mimi nimesema zako? Hii ni ya zamani, babu yako alikuwa hajazaliwa."

Mzee mmoja akapaliwa na kicheko, akasingizia kikohozi. Mtemi ndipo akagundua alichokisema mbele ya watu, na akazidi kupandisha sauti.

"Uongo mtupu! Mtawala aliyewekwa na Mungu hafanyi mambo hayo!"

"Na huyo aliwekwa na Mungu, Mtemi. Alipakwa mpaka mafuta."

"Hukuitunga wewe! Wewe huna akili ya kutunga matusi makubwa kiasi hiki. Namtaka mwenyewe, aliyeianza! Nitajie yeye, nawe nyumba yako haitaguswa. Wazee, ninyi ni mashahidi!"

"Tumesikia, Mtemi," wakasema wazee.

"Nikimpata, nitamtupa gizani! Nitatia kufuli! Watu wasimsikie tena!"

Nehemia akaketi chini bila kuambiwa. Mama Kalunde akamtazama kidogo, akamwacha, akamgeukia Mtemi.

"Usijisumbue kumtafuta, Mtemi wangu. Yumo sandukuni mwako, kufuli umeshatia, na Jumapili unamtoa aseme neno moja tu."