Kigingi cha Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Huo ni mwitiko au mmebanwa na kikohozi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Asiyeniamini leo aondoke sasa hivi, ampishe mwenye akili. Maana nasema wanyama walichimba mfereji bila mkubwa, bila ujira, na maji yakafika. Unacheka? Cheka. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na hili nalijua kuliko mwalimu wenu.

Hapo kale, kale ya kale, bwawa la bondeni lilikuwa likikauka. Kanga alikuwa na vifaranga tisa, na tope lililobaki halikuwatosha hata juma moja. Chemchemi ilikuwa juu mlimani. Muhanga, yule mchimbaji mwenye pua ndefu na kucha kama majembe, akamwapia Kanga: "Dada, wanao hawafi kwa kiu mimi nikiwa na kucha."

Ukaitwa msaragambo. Akaja Ngiri, akaja Fuko, kila mmoja na ukoo wake. Ilikuwa kazi ya hiari, hakuna wa kumwamuru mwenziwe. Kila asubuhi waliimba:

"Msaragambo hauna bwana! Kila ukucha na njia yake!"

Wimbo mtamu. Kazi je?

Siku ya kwanza Ngiri akachimba kwenda kushoto. "Huku udongo laini, kaka."

Siku ya pili Fuko akachimba kwenda kulia, chini kwa chini. "Mfereji wa juu ni ushamba. Jua litayanywa maji yote."

Siku ya tatu Ngiri akakuta handaki la Fuko limeukata mfereji wake. Akalifukia. Fuko akalifukua. Ngiri akalifukia tena!

Muhanga akaitisha kikao, wakabishania upana. Akaitisha cha pili, wakabishania kina. Cha tatu wakabishania jina. Jina! Mfereji hauna hata tone, wao wanataka kuubatiza!

"Jamani," Muhanga akasema, "tunachimba au tunacheza?"

"Usitutawale, kaka," akasema Ngiri. "Msaragambo hauna bwana."

"Ukichoka, kachimbe wako," akasema Fuko.

Siku ya sita Kanga akapanda mlimani na watoto wake nyuma. Muhanga akawatazama, akawatazama tena.

"Dada, si walikuwa tisa?"

"Walikuwa," akajibu Kanga.

Muhanga akashuka bondeni mbio, akakita kigingi ardhini, akapiga kelele mpaka mlima ukaitika: "Maji yafike hapa! Mfereji uwe mpana, uwe mwembamba, upite juu, upite chini, sijali! Lakini hapa!"

Ngiri akachungulia kutoka juu.

"Hapo tu?" akauliza Ngiri.

"Hapo tu."

"Na jina?" akauliza Fuko.

"Fuko!"

Basi wakachimba. Penye udongo laini akapita Ngiri, penye mchanga wa moto akapita Fuko chini kwa chini, na kwa kuwa wote walielekea kigingi kimoja, wakakutana. Kesho yake jioni maji yakafika, mekundu kwa tope. Vifaranga wanane wakanywa.

Hadithi yangu ilitakiwa ikomee hapo kigingini, mkalale mkimsifu Muhanga. Lakini kuna kipande nimekificha. Pale mahali hakupapima. Miguu ilimwishia nguvu, akakita palepale alipoanguka. Hatua ishirini kando pangefaa zaidi, na Fuko humkumbusha hadi leo.

Na kigingi chenyewe alikuwa nacho mkononi tangu siku ya kwanza. Alikuwa akingoja papatikane mahali patakapompendeza kila mtu.