Kwa Nini Picha ya Marehemu Haisafishwi

Sogeeni, wenye vyeti, niwafundishe mimi wa darasa la tano. Kulikuwa na siku ambazo mashine haikujua kuchora. Uliiambia ichore mbuzi, ikanyamaza kama nyinyi mkiulizwa hesabu.

Aliyeifundisha ni Lukindo, mpiga picha wa mjini kwetu. Aliipa maelfu ya picha, kila moja na maneno yake: mbuzi, harusi, mtoto anacheka. Kisha kila picha akaimwagia chenga, zile punje za televisheni isiyoshika stesheni, kidogo kidogo mpaka picha ikazama yote. Kila hatua mashine ilikisia chenga ni zipi. Ikikosea, inarekebishwa, na ilikosea mara nyingi kuliko nywele za kichwani kwako. Mwishowe ikajua kuziondoa. Ukiipa chenga tupu na neno "mbuzi", inafuta, inafuta, hadi anatokea mbuzi ambaye hajazaliwa popote.

Lukindo akavimba kichwa. Akatangaza kwamba hakuna picha iliyoharibika itakayomshinda.

Ndipo akaja Mama Semeni. Mafuriko yalikuwa yamemchukua binti yake Semeni, wa miaka minne, na katika picha pekee iliyobaki, maji yalikuwa yameula uso. Alisema ameanza kusahau pua ya mwanawe ilivyokuwa. Alitaka uso tu.

Mashine ikafanya ilichofundishwa. Palipoliwa na maji ikaweka chenga, ikapewa maneno "mtoto wa kike anacheka", ikafuta. Akatokea mtoto mzuri mno. Mama akamtazama sana.

"Huyu ni nani, baba?"

"Ni Semeni, mama. Mtazame vizuri."

Akatikisa kichwa. Lukindo akairudia kazi, akatokea mwingine. Wakafika watoto tisa, wote wanacheka, na Semeni hayumo. Mashine haikuwahi kumwona. Ilikuwa inakisia kwa kufuata watoto wa watu iliowaona.

Mama akaenda zake. Nyumbani akafumba macho amkumbuke mwanawe, kama alivyofanya kila siku. Akaja yule mtoto wa tano. Akajaribu tena, akaja yule wa tano, anacheka. Semeni hakurudi tena.

Na tangu siku hiyo, mashine humchorea yeyote uso wowote, ila mwenye uso huo hayupo. Na kwetu, aliyefiwa hapeleki picha iliyoharibika kusafishwa na mashine. Huitundika ukutani hivyo hivyo, na tundu lake.